Safari ya Korongoni, Mukuyuni

Watu wengi wapitao barabara ya Mombasa huitazama nchi ya Makueni kwa dirisha la gari tu, wakaona vumbi, miiba na mbuzi, wakasema moyoni, "Huku hakuna la kutazamwa." Siwalaumu, maana barabara ile hupita katika nchi ya chini, ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haizidi milimita 400. Lakini mtu akiiacha barabara kuu akaielekea milima ya Kilungu, ambayo vilele vyake hufika karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ataona nchi nyingine kabisa. Huko juu mvua hupata milimita 800 hata 1,200 kwa mwaka, mashamba yamekatwa ngazi ngazi tangu bondeni hata kileleni, na katika kila kunjo la mlima pana kijito chenye miti ya kivuli. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za korongo moja la namna hiyo, tulilolitembea mimi na watoto wanne mwisho wa mwezi wa Oktoba, shule zilipofungwa. Na pia jambo lililotupata humo, ili mzazi mwingine apate faida yake pasipo kulipa gharama ambayo mimi nilikaribia kuilipa.

Mukuyuni uko kati ya mji wa Wote na milima ya Kilungu, katika sehemu ya Kaiti. Jina lake ni la Kikamba na maana yake ni rahisi: mukuyu ni mkuyu, na Mukuyuni ni mahali pa mkuyu. Ni mti ule ule ambao Zakayo mfupi wa kimo aliupanda apate kuona. Wazee wa Ukambani waliuheshimu sana mti huu. Mara nyingi mahali pao pa kuombea mvua, paitwapo ithembo, palikuwa chini ya mkuyu au mti mwingine wa jamaa yake, wala haikuwa ruhusa kuukata. Heshima hiyo ilikuwa na akili ndani yake, kwa kuwa mkuyu hupenda kusimama penye maji karibu. Msafiri mwenye kiu akiona kichwa chake kipana cha kijani katikati ya nchi iliyokauka, ajue kwamba akichimba hapo huenda asichimbe bure.

Mimi ni karani wa serikali, na kazi yangu ni ya mezani. Watoto wangu wawili, binti wa miaka 12 na ndugu yake wa miaka 9, wamekulia mjini, na kwao maji ni kitu kitokacho katika bomba au katika mtungi wa plastiki juu ya mkokoteni. Dada yangu naye alinipa wanawe wawili, kijana wa miaka 14 na kitindamimba wa miaka 7. Tulilala kwa mama yangu, ambaye watoto humwita Susu, kama Wakamba wamwitavyo nyanya. Asubuhi alitufungia muthokoi katika chombo, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, akaongeza viazi vitamu, ndizi na chupa mbili za maji. Kisha akamwita mjomba wangu, ndugu yake mdogo, aliyepita miaka 70, akamwambia, "Nenda nao. Huyu mwanangu anajua vitabu, lakini mto haujui."

Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Tuliondoka saa 12 na nusu, kabla jua halijawa kali. Mwisho wa Oktoba ndio wakati wa joto kubwa katika sehemu hizi. Nyasi zimekuwa rangi ya mkate, miembe imebeba matunda mabichi yaliyo magumu kama mawe, na kila mkulima amekwisha kutayarisha shamba lake, naye hutazama juu. Mvua za Novemba na Desemba ndizo Wakamba wazitegemeazo zaidi kuliko zile za Machi hata Mei. Njiani tulipita mashamba yenye matuta ya "fanya juu", yaani mfereji huchimbwa kwa kufuata usawa wa mlima na udongo wake hutupwa upande wa juu uwe ukingo. Niliwaeleza watoto kwamba katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa vimechunika kwa mmomonyoko, hata serikali ya wakati ule ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe wao ili kupunguza mifugo. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu wakaenda Nairobi kulalamika, na yeye akahamishwa, akapelekwa Lamu. Ng'ombe waliokamatwa walirudishwa. Lakini ardhi haikuponywa na mabishano. Iliponywa na majembe, hasa majembe ya wanawake katika vikundi vya kazi viitwavyo mwethya. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba katika nchi hii, ambayo zamani yote iliitwa Wilaya ya Machakos, watu waliongezeka zaidi ya mara 5 katika muda wa miaka 60, na papo hapo mmomonyoko ukapungua. Kijana wa dada yangu aliuliza, "Mjomba, basi watu wengi si hasara?" Nikamjibu kwamba hutegemea wameshika nini mikononi.

Baada ya mwendo wa saa moja tulishuka katika mto wa mchanga. Hapa watoto walishangaa, maana waliona mto mpana wenye kingo na mapindi, lakini hauna hata tone la maji. Mjomba akapiga magoti, akafukua kwa mikono miwili. Alipofika kina cha mkono hata kiwiko, mchanga ukawa mweusi wenye unyevu, na baada ya kitambo kidogo maji yakakusanyika, kwanza ya matope, kisha meupe. Kitindamimba akapiga kelele kana kwamba ameona mazingaombwe.

Lakini si mazingaombwe. Mwalimu wetu wa jiografia katika shule ya misheni alitufundisha kwamba mawe ya Ukambani ni ya zamani mno, nayo yamejaa chembe ngumu za kioo cha mawe. Jiwe likichakaa kwa jua na mvua, zile chembe hubaki kuwa mchanga mkubwa mkubwa, na vijito huuchukua hata chini. Kati ya chembe na chembe mna nafasi, na maji hukaa humo, jua lisiweze kuyanyonya. Ndiyo sababu watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto hata kuufikia mwamba, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakakaa ndani kama akiba katika benki. Kuta za namna hii ni nyingi sana leo katika Kitui, Machakos na Makueni. Kwa sababu hiyo hiyo malori yachukuayo mchanga kwenda kujenga majumba ya mijini yalileta uchungu mkubwa hapa, kwani auzaye mchanga wa mto huuza na kisima cha jirani yake. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mchanga. Mjomba alisema kwa ufupi, "Mchanga ni mtungi. Ukiuza mtungi, maji utatia wapi?"

Tulifuata mto kwa kwenda juu, hata kingo zikaanza kusogeleana. Mchanga ukapungua, mawe yakaongezeka, na katikati yake ukatokea uzi wa maji yanayokwenda. Kisha tukaingia korongoni kwenyewe. Nje jua lilikuwa kali kiasi cha kuumiza macho, lakini humo ndani palikuwa baridi kama ghalani. Kuta za mwamba zilipanda kila upande mara tatu au nne ya kimo cha mtu, na juu yake mikuyu imesimama, mizizi yake imeteremka juu ya jiwe kama kamba za merikebu. Tumbili walituchungulia wakakimbia. Pimbi walikuwa wameketi juu ya mwamba wakiota jua. Mdiria mmoja, rangi yake buluu, alitutangulia bwawa kwa bwawa kana kwamba ndiye aliyetumwa kutuonyesha njia.

Tulikaa chini ya mkuyu mkubwa kuliko yote. Matunda yake hayakuwa ncha za matawi, bali yameshikana vichala vichala juu ya shina lenyewe. Nilipasua tunda moja kwa kisu, na ndani yake watoto wakaona vidudu vidogo vyenye mabawa. Hao ni nyigu wadogo mno, na pasipo wao mkuyu hauwezi kuzaa mbegu: jike huingia katika tunda kwa tundu dogo mno, huleta vumbi la maua kutoka mti mwingine, hutaga mayai yake humo, naye hufa humo humo. Mti humpa mahali pa kulea, naye huupa mti uzao. Binti yangu alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo tukila kuyu tunakula na nyigu?" Hata hivyo alikula, na wenzake wakamfuata.

Baada ya chakula watoto waliomba kuoga. Bwawa la hapo lilikuwa safi, maji yake yanakwenda, kina chake hakipiti kiuno cha mtoto mkubwa. Wakaoga, wakarushiana maji, wakageuza mawe kutafuta kaa. Mwanangu wa miaka 9 alimkamata kaa mmoja, akamtia katika kopo la maziwa, akaliweka juu ya jiwe, akawa anamlinda kama askari alindavyo hazina. Mimi nililala chali juu ya mwamba nikatazama juu. Kati ya majani niliona utepe wa mbingu, buluu tupu, hauna wingu hata moja. Nilifikiri kwamba muda mrefu sikupata siku njema kama ile.

Ilipata kama saa nane, mjomba akasimama. Alitazama maji, hakutazama juu. Akasema, "Mpwa wangu, tuwatoe watoto."

Nikamwuliza, "Kuna nini, mjomba?"

Akasema, "Ndege wamenyamaza. Na upepo umegeuka, unatoka Kilungu, una harufu ya udongo."

Nikatoa simu yangu, nikatazama habari za hali ya hewa. Ilisema kwamba Wote kuna jua na hakuna mvua. Nikamwonyesha, kisha nikamwonyesha na mbingu. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema kama msomi asemavyo na asiyesoma, "Mjomba, tazama kulivyo kweupe. Tuwape dakika 10 tu, hawatapata siku nyingine kama hii."

Yule mzee hakubishana nami. Alisema, "Mvua ya mto huu hainyeshi hapa. Hunyesha kule juu, na hapa huja maji tu." Kisha akaingia bwawani na viatu vyake, akamshika kitindamimba mkono, akawaambia wengine, "Pandeni." Watoto walimtii yeye, wala hawakunitazama mimi. Kijana wa miaka 14 akatangulia, binti akafuata, wakapanda kwa mizizi ya mkuyu mpaka juu ya ukingo. Mimi nilibaki nyuma nikikusanya vyombo polepole, kwa kuwa nilikuwa nimekasirika kidogo.

Ndipo nilipoona majani makavu na vijiti vidogo vikielea bwawani, na maji yaliyokuwa kama kioo yamegeuka rangi ya chai. Nikaingiwa na hofu. Nikaita, "Wote mko juu?" Binti akajibu, "Baba, yeye amerudi kuchukua kaa wake!"

Nikageuka. Mwanangu alikuwa ng'ambo ya bwawa, hatua kama 20 kutoka nilipo, amelikumbatia kopo lake. Wakati huo huo nikasikia sauti kutoka juu ya korongo. Si ngurumo ya mvua. Ilikuwa kama lori zito linaloteremka mlima juu ya kokoto. Sikumbuki nilivyovuka. Najua tu kwamba nilipokwenda maji yalikuwa magotini, na niliporudi nimemshika mkono yalikuwa yamefika pajani na yananisukuma kama watu wengi. Mjomba alikuwa ameshuka tena, amejishikiza kwa mzizi mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyosha. Akamvuta mtoto kwanza, kisha akanivuta mimi. Tulipanda kwa magoti na viwiko. Tulipogeuka kutazama, jiwe nililokuwa nimelala juu yake halikuonekana tena. Maji mekundu yalipita yakibeba matawi, mashina ya migomba na mawe yaliyogongana chini kwa chini. Na mbingu juu yetu, wasomaji, ilikuwa bado buluu.

Mwanangu alilia kwa ajili ya kaa. Mimi nililia kwa sababu nyingine, lakini nilijifanya ninapangusa maji usoni.

Jioni watoto walimsimulia Susu habari yote, kila mtu akitaka kusema kwanza. Mama yangu alinyamaza mpaka mwisho, akanitilia uji, akasema, "Mto haupigi hodi." Hakuongeza neno, wala mjomba hakusema, "Nilikuambia." Kunyamaza kwao kulinifunza kuliko kukemewa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini aliye korongoni hayaoni mawingu. Ameachiwa dalili nyingine ndogo ndogo, nazo husomwa na aliyekaa na mto miaka mingi.

Nilipofikiri baadaye niliona kwamba tulipona pale ambapo wengine hawakupona. Mwezi wa Aprili 2012, vijana 7 wa kikundi cha kanisa walichukuliwa na maji katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha. Septemba 2019 watu 7 wengine walikufa katika korongo hilo hilo kwa namna ile ile. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa likiwapeleka watu arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi katika Kitui, na zaidi ya watu 30 wakazama mbele ya macho ya jamaa zao. Aprili 2024, hapa hapa Makueni, lori lililobeba watu lilipinduliwa na maji ya mto uliofurika. Naamini wengi kati yao walitazama mto wakasema kama nilivyosema mimi: dakika chache tu.

Asubuhi yake mjomba aliturudisha korongoni, na mwanzo niliona ni ukatili. Tulisimama juu ya ukingo. Maji yalikuwa yamepungua tena yakawa kijito, lakini bwawa letu lilikuwa limehama. Mahali pake pamejaa mchanga mpya, mweupe, usio na alama ya mguu. Mjomba aliwaonyesha watoto mstari wa majani na takataka juu ya shina la mkuyu, juu ya kichwa changu kwa kiasi cha shubiri moja. Akawaambia, "Hapa ndipo ulipofika jana. Na pale," akaonyesha kovu la zamani juu zaidi, "ndipo ulipofika nilipokuwa kijana. Mkitaka kucheza na mto, kwanza someni barua zake." Kisha akashuka nao, akawafukulia maji katika ule mchanga mpya. Yalikuwa mengi, na karibu kuliko jana. Mafuriko yale yaliyotaka kuniulia mwana ndiyo yaliyojaza mtungi wa kijiji kwa miezi ya ukame. Hayo nayo nilitaka watoto wayajue, wasirudi mjini na hofu peke yake.

Basi sisemi kwamba wazazi wasiwapeleke watoto wao makorongoni. Mtoto asiyejua maji yatokako atakuwa mtu asiyejua kuyatunza. Nasema tu haya niliyofunzwa. Kwanza, chukua mwenyeji, na akisema "tokeni", toka kwanza, uulize baadaye. Pili, usiulize kama mvua itanyesha mahali ulipo; uliza kama itanyesha kule juu mto utokako. Tatu, kabla ya kukaa, tafuta njia ya kupandia, uwaonyeshe watoto wote, tena kaa upande huo huo wa maji. Nne, maji yakibadilika rangi, au yakianza kuleta majani na vijiti, au ukisikia ngurumo isiyokoma, acha vyombo, acha viatu, acha kila kitu. Tano, usivuke mto uliojaa kwa miguu wala kwa gari: maji yaendayo mbio yenye kina cha sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 huweza kuchukua gari. Sita, wahesabu watoto kabla ya kupanda na baada ya kupanda. Hili la mwisho sikulifanya, na mtoto ambaye sikumhesabu alikuwa wangu.

Tulipokuwa tukiagana na Susu, mwanangu alimwomba kopo jingine la maziwa. Alimwambia kwamba atakuja tena likizo ya Aprili kumtafuta kaa wake. Mama yangu alinitazama mimi, nami nikamtazama mjomba. Mjomba akasema, "Aprili ni mwezi wa mvua. Njooni Agosti." Tumekubaliana Agosti.